Kwa nini bwana harusi anaganda muziki ukifunguliwa? Tatizo ni miguu au ni macho ya watu?

#1 Kibosho_Kati
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linaninyima usingizi. Harusi yangu ni baada ya Pasaka. Vikao vinaendelea, michango inasogea, ukumbi tumeshalipia nusu. Bajeti hainitishi. Kinachonitisha ni ile dakika MC anapotangaza kwamba sasa maharusi wanafungua muziki.

Sijawahi kucheza mbele ya watu. Mwenzangu ni mtu wa ngoma tangu sekondari, na ameshachagua wimbo: unaanza blues, katikati unageuka amapiano. Nikiwa chumbani peke yangu naenda vizuri tu. Akiingia mtu mmoja, hata mdogo wangu wa mwisho, mabega yanapanda, magoti yanakaza, nasahau hata mguu wa kuanzia. Nimekulia nyumba ambayo muziki wa dunia haukufunguliwa kabisa, redio ilikuwa ya taarifa ya habari na mahubiri.

Swali langu: hili ni suala la kutojua kucheza au la kutojiamini? Naona dawa zake ni tofauti. Kama sijui, nitafute mwalimu. Kama sijiamini, mwalimu atanifundisha hatua na siku yenyewe nitazisahau zote. Waliopitia naomba mniambie ukweli.

#2 Mama_Wawili
Hongera mkuu. Tafuta mwalimu mapema, hayo mengine yatajipa.

#3 Kiberenge
Nakazia #2, ila kabla ya mwalimu badilisha huo wimbo. Blues inayogeuka amapiano ni mitihani miwili usiku mmoja. Cheza blues, mshike mkeo, zungukeni taratibu, vigelegele vipigwe, mkakae meza kuu mle.

#4 DJ_Mbagala
Niko nyuma ya mashine kwenye harusi karibu kila wikiendi, ngoja niseme ninachokiona nikiwa kule.

Wengi wanaoganda ni waliochagua wimbo wasioujua mwendo wake. Amapiano inatembea kama midundo 112 hivi kwa dakika, kwa hiyo mtu akiisikia anasema hii ni taratibu, nitaiweza. Shida ni kwamba mdundo wa chini mara nyingi haupigwi wazi. Ile besi ya logi dramu inaingia pale usipoitegemea, kisha inakaa kimya pale ulipoisubiri. Aliyezoea anaucheza huo ukimya. Asiyezoea hana pa kushika. Blues au zouk ngoma yenyewe inakwambia mguu uende lini.

Nimeona pia bwana harusi anaomba singeli ili asionekane wa kizamani. Singeli inakwenda midundo 200 mpaka 300 kwa dakika. Na suti ya vipande vitatu! Sishauri.

Kwa hiyo kwangu mimi jibu ni wimbo. Mpe mtu wimbo aliokua nao, utaona hofu inashuka yenyewe.

#5 Shemeji_Mkuu
Yaani mtu anayesimamisha kamati nzima kwenye kikao, anadai ahadi za watu bila haya, anaogopa dakika tatu za blues? Shemeji yetu kazi anayo 😂

#6 Mjukuu_wa_Freud
Mleta uzi, swali lako wameshalichimba. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha makala akieleza jinsi uwepo wa watu unavyobadilisha utendaji. Kwa kifupi: watu wakikutazama mwili unapata msisimko, na msisimko huo unalisukuma mbele lile jambo ambalo mwili umelizoea zaidi. Ukiwa umekomaa kwenye jambo, hadhira inakupandisha. Ukiwa bado mchanga, hadhira ileile inakuangusha.

Ndiyo maana mwenzako akitazamwa anazidi kunoga na wewe unakaza. Mnapata msisimko mmoja, tofauti ni kilichohifadhiwa mwilini. Kwa msingi huo kujua na kujiamini haviachani. Rudia hatua mpaka mwili uzitoe wenyewe, halafu macho ya watu yatafanya kazi upande wako.

#7 Mwalimu_wa_Zamu
#6 nakuheshimu lakini kuna kitu hakikai sawa. Mimi ni mwalimu. Nasimama mbele ya darasa la watu zaidi ya mia, asubuhi naongoza gwaride, kwenye mahafali mimi ndiye MC. Na hatua za harusi yangu nilizijua, mke wangu ni shahidi. Nilipofika katikati ya ukumbi miguu ikakataa.

Nimefikiria sana kwa nini. Nikifundisha, watu wanasikiliza maneno yangu. Pale ukumbini hakuna maneno, watu wanautazama mwili wenyewe: kiuno, mikono, namna ninavyomshika mke wangu mbele ya wakwe. Baba mkwe yuko pale mbele! Mwanaume wa kwetu hajazoea kutazamwa hivyo. Ni hofu ya aina nyingine, na kuzoea jukwaa hakuiondoi.

#8 Bint_Mvita
Salaam kutoka Mombasa. #7 amegusa penyewe.

Huku kwetu harusini wanawake wako mbali na wanaume wako mbali. Usiku wa kupamba ukumbi mzima ni wanawake, na harusi nyingi simu zinaachwa mlangoni. Basi utamuona mtu ambaye mchana hawezi hata kuinua sauti, usiku yuko katikati anacheza chakacha hadi unabaki kushangaa. Hajafundishwa na mtu. Kajua tu kwamba wanaomtazama ni wenzake, na hakuna picha itakayotoka.

Kwa hiyo msimlaumu bwana harusi. Mnamuweka mbele ya wakwe, mabosi, marafiki wa kanisani na kamera mbili kwa pamoja, kisha mnamuuliza mbona hachezi.

#9 Kungwi_Mstaafu
Bint Mvita mwanangu, nakubali nusu. Hajafundishwa na mtu? Kafundishwa, ila hakumbuki ni lini. Mtoto wa kike anakaa miguuni mwa shangazi na somo yake anatazama. Kwetu Unguja Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab lakini sisi tulimjua kama mwalimu wa unyago. Huko ngoma ni somo lenye mpangilio. Kuna wa kukushika kiuno akakwambia hapa bado, rudia.

Mwanamke anafika harusini ameshafunzwa. Mwanaume nani kamfunza? Anaachwa mpaka siku ya ndoa ndipo anatakiwa ajue. Hilo ndilo tatizo, jamii imemsahau.

#10 Mmakonde_Halisi
Shikamoo mama. Kwa heshima zote hapo kwenye wanaume nasahihisha. Jandoni kuna ngoma na kuna nyimbo, na sindimba wanaume na wanawake wanaicheza pamoja. Babu yangu hakuganda mbele ya mtu yeyote maishani mwake.

Tofauti ni kwamba sisi wa mjini tulipelekwa hospitali tukiwa wadogo, tukarudi nyumbani siku hiyohiyo tukiwa tumevalishwa shuka. Kidonda kilipona, mafunzo hayakuja.

#11 Sauti_ya_Nne
Mleta uzi, umesema ulikulia nyumba ya mahubiri. Uliimba kwaya?

#12 Kibosho_Kati
#11 ndiyo, besi, tangu kidato cha pili hadi chuo. Wakuu nawasoma wote, asanteni.

#13 Sauti_ya_Nne
Basi unajua kucheza na umecheza mbele ya mamia ya watu. Kwaya inapoingia kanisani mnaingiaje? Mguu, mguu, bega kidogo, geuka, wote pamoja na mdundo. Kwa Wakatoliki watoto wa Utoto Mtakatifu wanacheza mbele ya altare, na wazee kwenye mabenchi wanatikisika. Hakuna aliyekwambia kwamba ule ni uchezaji, ndiyo maana hukuuogopa.

Kilichokukaza ni kufundishwa kwamba kucheza nje ya kanisa ni dhambi. Kichwa chako cha leo kimeshalikataa hilo, magoti bado yanatii. Fanya hivi: washa wimbo wenu wa blues, ingia nao chumbani kama unaingia na kwaya. Utashangaa.

#14 Mpangaji_Hatua
Mimi ndiye ninayewafundisha wapambe na maharusi, kwa hiyo hapa kidogo ni ofisini kwangu. Nitaandika kirefu.

Kwanza, sikilizeni wimbo kabla ya kusimama. Nyimbo nyingi za harusi zinahesabika nne nne, na sentensi ya muziki inakamilika kwenye nane. Zipo chache za tatu tatu, hizo ni waltz, na ile ya taratibu huwa na midundo kati ya 84 na 90 kwa dakika. Mtu akicheza hatua za nne kwenye wimbo wa tatu anaonekana mgumu hata kama ana kipaji, kwa sababu kila baada ya muda mfupi mguu wake unapishana na ngoma. Nimepokea wanandoa waliolaumiana kwa muda mrefu, kumbe wimbo ndio ulikuwa haulingani na hatua walizojifunza mtandaoni.

Pili, tembea. Usicheze, tembea tu chumbani, kila mdundo hatua moja, mpaka uweze kutembea huku unaongea na mtu kuhusu mambo mengine. Kibosho, usiruke hapa. Ukiweza kuongea huku unatembea, hesabu imehama kichwani imeingia mwilini. Ndicho #6 alichosema kwa kitaalamu.

Tatu, mguu wa kuanzia. Mwanaume kushoto, mwanamke kulia, siku zote, hata mazoezi ya kupasha. Kama ni waltz, hatua ya msingi ni ya mraba: mbele, kando, funga, kisha nyuma, kando, funga. Ukiijua hiyo moja na kuzunguka nayo, inatosha kabisa kufungulia muziki.

Nne, macho yaongezwe kidogo kidogo. Leo mdogo wako akae mlangoni. Akizoeleka, waite wapambe wawili. Halafu mfanye mbele ya kamati baada ya kikao, watu wakiwa wanakunywa soda. Watu wanarukia kutoka chumbani hadi ukumbi wa mia tatu, lazima ugande.

Tano, mavazi. Kiatu kipya cha soli ya ngozi kwenye marumaru kinateleza vibaya, kipitishe msasa kidogo chini, na ukivae mazoezini. Bibi harusi afanye mazoezi na kitu kirefu kiunoni, hata khanga mbili zilizofungwa zikafika chini miguuni, vinginevyo siku hiyo atakanyaga gauni au wewe utamkanyagia. Mkia wa gauni ufungwe juu kabla ya kucheza, mpambe wake ajue kifungo kiko wapi.

Na wimbo ukatwe. Dakika moja na nusu hadi mbili zinatosha kabisa kwa watu wawili peke yao. Mpe DJ faili lako mwenyewe, usimwambie tu jina la wimbo, kuna matoleo mengi.

#15 DJ_Mbagala
Hapo kwenye faili nakupigia saluti #14. Watu wanafanya mazoezi na toleo moja, usiku wanakuja na jina tu, napiga la kwangu, wanaanza kutazamana.

#16 Mwana_Lubumbashi
Jambo bandugu. Nawasoma kutoka Lubumbashi, sielewi kwa nini mnatesa huyu kijana na blues wakati rumba ipo. Rumba imepangwa vizuri kwa mtu mwenye haya. Mwanzo ni maneno, sauti, gitaa taratibu, unamshika mke wako, unatembea naye, basi. Hakuna anayekutazama miguu, wanasikiliza maneno. Ikija sebene, gitaa ya solo inapanda, kila mtu anasimama, na wewe umefichika ndani ya watu. Ndiyo maana hata UNESCO waliiweka kwenye orodha yao mwaka 2016.

#17 Mtunza_Kumbukumbu
#16 hoja nzuri, mwaka tu nisahihishe. 2016 iliandikishwa rumba ya Kuba. Ya Kongo ilikuwa Desemba 2021, na ziliiwasilisha nchi zote mbili, Kinshasa na Brazzaville.

#18 Mwana_Lubumbashi
Sawa, 2021. Sebene ni ileile.

#19 Mzee_wa_Santuri
Vijana, nimewasoma wote, mmekwenda mbali sana na jambo la kawaida.

Wakati wetu bwana harusi hakuganda kwa sababu alikuwa ameshacheza kwenye dansi miaka mingi kabla ya kuoa. Kulikuwa na NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ndiyo hiyo baadaye ikawa JUWATA, halafu OTTU, leo Msondo. Mwaka 1978 wakaja Mlimani Park, Sikinde. Jumapili kulikuwa na dansi la mchana. Unalipa kiingilio, unakaa pembeni na soda yako, unatazama wanaojua. Wimbo ukikolea unajipenyeza katikati ya watu. Ukikosea hakuna anayekuona, kila mtu yuko na wake. Mwezi unaofuata na wewe unatazamwa na mwingine.

Ninyi mmefuta hizo ngazi zote. Kijana hajawahi kwenda dansini, kisha mnamsafishia sakafu yote, mnazima taa, mnamwangazia yeye peke yake. Hata huku kuwaacha wawili wakacheze peke yao watu wakitazama ni jambo tulilolikuta kwa wageni. Kwenye ngoma zetu nyingi mtu anatoka duarani, anacheza kidogo, anarudi duarani. Duara linamshika.

#20 Mama_Wawili
Mzee wa Santuri umenikumbusha baba yangu. Akisikia Sikinde alikuwa anavua viatu kabisa.

#21 Kiberenge
Nikiongezea kwa mzee, afadhali maharusi waingie na matarumbeta, yale yanamfanya kila mtu acheze hata kama hataki. Wakongo walitusaidia sana kutuletea ile kitu.

#22 Mtunza_Kumbukumbu
Kiberenge, matarumbeta hatukuletewa na Wakongo. Mizizi yake ni beni, ngoma ya pwani. Ilianzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiiga bendi za kijeshi, wana sare, wana vyeo, mara mfalme mara jenerali. Ikaingia Tanganyika, Dar ikawa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vinashindana. Vita vya Kwanza vya Dunia na askari wake vikaisambaza bara. Miaka ya 1930 vijana wa mjini wakaanza kuiacha wakahamia kwenye dansi la ukumbini, waltz na foksitroti.

Kwa hiyo, Mzee wa Santuri, shikamoo, wawili kushikana na kucheza ukumbini kuna karibu miaka mia hapa kwetu. Si jambo la juzi.

#23 Mzee_wa_Santuri
Marahaba. Kushikana sikatai, nilishikana mimi mwenyewe. Nasema kuachwa wawili peke yenu sakafu ikiwa tupu. Soma tena.

#24 Nuru_Kinondoni
Hakuna aliyezitaja simu kwa uzito wake isipokuwa dada wa Mombasa. Zamani ukikosea hatua inaisha palepale. Sasa kabla keki haijakatwa, uko kwenye status za watu usiowajua. Harusi ya binamu yangu bwana harusi aliteleza kidogo tu, kipande kikazungushwa na ukoo mzima. Tangu hapo hachezi hata kwenye ubatizo. Hiyo hofu ya mleta uzi ina sababu, asiambiwe ajiamini tu.

#25 Mjukuu_wa_Freud
#24 ni kweli, ila watu huwa tunakadiria zaidi tunavyoonekana. Kuna utafiti maarufu wa Gilovich na wenzake, mwaka 2000. Wanafunzi walivalishwa fulana ya kuwaaibisha wakaingizwa kwenye chumba cha wenzao. Walidhani karibu nusu ya watu wameiona picha iliyo kifuani. Walioiona kweli walikuwa kama robo.

#26 Mwalimu_wa_Zamu
Mkuu, yule wa fulana aliingia chumbani watu wakiwa na shughuli zao. Hakutangazwa na MC. Hakumulikwa na taa ya mpiga video. Watu hawakuambiwa wasimame wampigie makofi aingie. Bwana harusi anaonwa na wote, na wamekuja kwa ajili ya kumwona.

#27 Mjukuu_wa_Freud
Wanamwona, ndiyo. Wanazihesabu hatua zake? Muulize mgeni yeyote kesho yake bwana harusi alianza na mguu gani.

#28 Shemeji_Mkuu
Mama mkwe atakwambia mguu, soksi na rangi ya soksi.

#29 Bibi_Harusi_wa_Agosti
Naomba niongee kwa upande wa mwenzake, maana wanaume mmezungumza kana kwamba yeye ni mtazamaji.

Mume wangu alikuwa mgumu kama mlango wa mninga. Nilimfundisha hatua, akazijua, na bado alikuwa anatazama sakafu. Nilichokuja kumwambia ni kwamba mimi sihitaji wageni waseme tumecheza vizuri. Nataka unitazame mimi. Tukabadilisha mazoezi yote: marufuku kutazama miguu, marufuku kutazama kioo, tunaongea. Ananisimulia kazini kwake huku tunazunguka. Siku yenyewe alikuwa ananinong'oneza habari za mjomba aliyesinzia meza ya tatu, mimi nacheka, watu wanadhani ni mahaba makubwa. Na yalikuwa mahaba makubwa.

Kibosho, umemwambia mwenzako kwamba unaogopa? Au umetuambia sisi tu?

#30 Kibosho_Kati
#29 nimemwonyesha uzi huu wote jana usiku. Amesoma mpaka mwisho. Amesema amapiano haiondoki, ila atakubali wapambe waingie pale inapogeuka ili tusibaki wawili. Kuhusu kwaya, #13, nimejaribu. Mabega yameshuka mdogo wangu akiwa mlangoni. Akikaribia bado yanapanda.

#31 Mpangaji_Hatua
Mwache hapohapo mlangoni kwa sasa, asisogee. Na wapambe waingie sentensi moja kabla wimbo haujageuka, yaani nane moja kabla. Wakisubiri ugeuke ndipo watoke vitini, mtabaki peke yenu kwenye sehemu ngumu kuliko zote.

#32 Kiberenge
Mimi bado nasema toa amapiano.

#33 Kungwi_Mstaafu
Msimtolee mtoto wa watu wimbo wake. Yeye ndiye bibi harusi.

#34 Nuru_Kinondoni
Na simu je? MC anaweza kuomba wageni wasirekodi dakika hizo mbili tu, mpiga video wa kulipwa abaki. Kuna mtu ameshaona hilo likafanyika Dar?

#35 DJ_Mbagala
Nimeona likiombwa. Meza za mbele waliweka simu chini, za nyuma wakasimama juu ya viti wapate picha vizuri.

#36 Bint_Mvita
Ndiyo maana sisi tunazichukua mlangoni.

#37 Mpangaji_Hatua
Kibosho, ukumbi wenu sakafu ni marumaru au zulia? Ukinijibu nitakwambia soli uifanyeje.